Jumatatu za Treni ya Gerson

Gerson hajawahi kunywa pombe. Naanza na hilo makusudi, maana ukifika Makongolosi leo ukamtaja, watakuambia, ah, yule mchoma nyama mlevi, aliyekuwa anashindwa hata kushika kikombe. Nikiwasikia natamani nimkabe mtu. Kisha nakumbuka kwamba wa kukabwa ni mimi, basi namalizia chai yangu naondoka.

Mimi naitwa Dastan, ni shemeji yake. Mdogo wangu Eveline ndiye mke wake. Sisi ni Wahehe wa Iringa. Yeye ni Mnyakyusa, kazaliwa Tukuyu kakulia Ilomba, pale Mbeya mjini, na ndipo alipokuwa na kibanda chake cha kuchomelea mageti na madirisha. Siku alipokuja kuposa tulimtania kwamba tulitegemea mkungu wa ndizi, mbona kaja mikono mitupu. Akajibu taratibu kwamba ndizi angeleta, ila aliambiwa Wahehe wanakula mbwa tu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nilimpenda yule bwana, na nalisema hili wazi ili ujue kwamba nililomfanyia sikulifanya kwa chuki.

Nataka uijue mikono yake. Mafundi wengi wa kuchomelea wanaunguza chuma kwanza halafu wanapitisha grenda kuficha aibu. Gerson alikuwa anavuta pumzi, anashusha miwani, anapitisha moto mara moja tu, na mshono unatoka umenyooka. Hakurudia. Wateja walikuwa wanauliza hicho chuma kilitoka kiwandani hivyo, naye anasema ndiyo, ili wasimsumbue kwa maswali. Eveline alizoea kusema aliolewa na ile mikono, huyo mwenye nayo alikuja kumzoea baadaye.

Mimi nilikuwa mchimbaji Makongolosi, nina duara langu, yaani shimo la dhahabu, na wenzangu wawili. Nilimwita yeye. Nikamwambia, "Shemeji, huku makarasha, hizi mashine za kusagia mawe, yanavunjika kila wiki, mafundi hakuna, njoo na mashine yako." Akaja na Eveline, wakapanga vyumba viwili karibu na kwangu. Kazi ilikuwepo. Ila Gerson alikuwa mtu wa kutulia, na kelele za makarasha zilimchosha. Siku moja akanionyesha kwenye simu yake mzungu mnene amesimama mbele ya pipa linalofuka moshi, ndani yake ubavu mzima wa ng'ombe, umekaa humo saa kumi na mbili bila kuguswa na moto. Moshi tu. Akaniambia, "Hili nalitengeneza. Nalitia nguruwe." Nikamwambia watu wa machimbo hawana subira ya saa kumi na mbili, wanataka kitimoto cha nusu saa na pilipili. Akasema watasubiri.

Alilitengeneza kwa wiki tatu, na sijawahi kuona mtu anafanya kazi kwa furaha namna ile. Pipa alinunua la mafuta ya kula, akakataa katakata mapipa ya bure yaliyozagaa kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Alisema hajui yalibeba dawa gani. Yaani mtu alikuwa mwangalifu kiasi hicho, na wala hilo halikumsaidia. Alilipasua kwa urefu, akafunga bawaba, mlango ukawa unafunguka kuelekea juu. Nyavu za kulazia nyama akasuka kwa nondo nyembamba. Sanduku la moto alilibandika ubavuni, nalo lilikuwa mtungi wa upepo wa breki za lori, niliobeba mwenyewe begani kutoka kwa wauza vyuma chakavu wa palepale Makongolosi. Bomba la moshi lilikuwa eksozi ya lori hilohilo. Mara ya kwanza aliliweka upande mmoja na moto, moshi ukakimbilia nje, nyama ikabaki mbichi na chungu. Akalikata, akalihamishia upande wa pili, moshi ukalazimika kupita juu ya nyama yote ndipo utoke. Lilipoanza kufuka, watoto wa mtaa wakalipa jina la treni, na jina likabaki.

Kuni hakutumia za huko kwetu wilayani Chunya. Kila Jumatatu alikuwa anapanda gari kwenda Mbeya kununua nguruwe, na anarudi jioni na magogo ya mpera na mparachichi kutoka kwao. Joto alilipima kwa mkono, anauweka juu ya tundu la mlango anahesabu. Akifika nane kabla hajauondoa, moto uko sawa. Na treni hakuiosha ndani. Nyavu alisugua, majivu alitoa, lakini yale masizi meusi yanayong'aa ukutani alikataza mtu kuyagusa. Alisema ndiyo ladha yenyewe. Chini alining'iniza debe la kukingia mafuta yanayochuruzika, na mafuta hayo ndiyo aliyopakia nyama ya kesho yake, na ndiyo aliyokaangia mboga nyumbani. Kipande cha kwanza, kile cha pembeni kilichoungua, alikila yeye kila siku, amesimama, kichwa kiko ndani ya moshi. Watu walisubiri kweli. Kufika saa nane mchana walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani.

Sasa nije kwangu.

Kwa asiyejua, sisi wachimbaji wadogo tunasaga mawe, tunaosha unga, kisha tunatia zebaki. Zebaki inakusanya dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, unabaki na donge jeupe dogo kama punje ya njugu. Ukilichoma, zebaki inaondoka kwa mvuke, dhahabu inabaki njano. Mimi nilikuwa nachomea kwenye koleo la kuchotea mchanga juu ya jiko la mkaa, uani kwa Eveline. Nilifanya hivyo miaka, mpaka alipokuja mtaalamu mmoja akatukalisha kwenye mabenchi kutufundisha. Alisema mvuke ule hauna harufu wala rangi, unaingia kwenye ubongo, unaingia kwenye figo, na mama mjamzito usimsogezee kabisa. Alisema kama huna budi, choma kwenye chombo kilichofungwa, chenye bomba, mbali na jiko la chakula.

Nilirudi nyumbani na hofu ya kweli. Eveline alikuwa ameshapoteza mimba mbili, miaka minane kwenye ndoa hana mtoto. Nikajilaumu kwamba huenda ni mimi na koleo langu. Nikaapa sichomi tena uani kwake. Na chombo kilichofungwa chenye bomba nilikuwa nakiona kila siku, kimesimama barabarani, kimetengenezwa na fundi asiyekosea. Yale maneno ya mbali na jiko la chakula niliyasikia. Sijui niliyapeleka wapi. Nilikuwa nimeshikilia jambo moja tu kichwani, mvuke usimfikie mdogo wangu, utoke juu kwa bomba uende zake.

Basi Jumatatu, treni imepumzika, Gerson yuko Mbeya, Eveline yuko sokoni. Nilikuwa nawasha mkaa kidogo kwenye ule mtungi, naweka donge kwenye kisahani cha chuma juu ya wavu, nafunga mlango, nasimama mbali naangalia bomba. Nikifungua, dhahabu iko njano, safi. Nilijiona mjanja na mtu mwema kwa pamoja. Gerson hakupenda mtu aiguse treni yake, ndiyo maana sikumwambia. Siku moja alirudi akakuta majivu yana joto, akauliza. Nikamwambia nilichoma viazi. Akacheka, akasema viazi vya moshi ni vitamu, mbona sijamwachia hata kimoja. Jumatatu ishirini na saba, nimezihesabu baadaye, nikiwa sina usingizi.

Ilianza mdomoni. Alilalamika kwamba chai ina ladha ya chuma, uji una ladha ya chuma, ni kama amelala na sarafu kinywani. Fizi zikawa zinatoa damu. Halafu usingizi ukamkimbia. Halafu siku moja anakata nyama, kisu kikaanza kucheza, akakiweka chini akauangalia mkono wake kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata aliitwa kurekebisha karasha. Alishusha miwani, akavuta pumzi kama kawaida, na mshono ukaenda upande. Akaukata. Akarudia. Ukaenda upande tena. Watu walikuwa wamesimama wanamwangalia. Alikusanya vifaa vyake polepole, akasema atarudi kesho, na hakurudi.

Na hasira. Mtu ambaye hajawahi kupaza sauti akawa anafoka kwa ajili ya chumvi. Alimrushia Eveline koleo la moto, likampita sikioni likagonga ukuta, kisha akakaa chini akalia na kumwomba msamaha, akisema hajui ni nani aliyekuwa ndani yake. Hapo ndipo maneno ya ulevi yalipoanza. Mikono inatetemeka, mate yanamtoka, anagombana na mkewe, watu wangesema nini kingine. Mzee wa kanisa, Ezron, alikuja kumwonya. Gerson alimwambia, "Mzee, ninuse." Mzee Ezron akasema siku hizi kuna pombe zisizonuka. Wakamzuia kushiriki meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini? Alikuwa anakaa benchi la nyuma, wenzake wanapita mbele kupokea, naye anakalia viganja vyake ili visionekane. Iliniuma sana. Nilimtukana mzee Ezron nje ya kanisa, mbele ya watu, na kila mtu akaona jinsi ninavyompenda shemeji yangu.

Eveline akasema inatosha, twende hospitali Mbeya. Tulikwenda watatu. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Alimwambia Gerson anyooshe mikono, akaweka karatasi juu yake, karatasi ikachakacha. Alimwangalia fizi. Alimpa kalamu aandike jina lake, na Gerson, aliyekuwa anachora maua ya geti kwa mkono bila rula, akaandika kitu kisichosomeka. Daktari akatafakari, halafu akauliza, "Unachimba dhahabu?"

"Hapana," Gerson akasema. "Mimi nachoma nyama."

"Hapo nyumbani kuna mtu anayechoma dhahabu karibu yako?"

"Zamani shemeji yake huyu alikuwa anachomea uani," Eveline akasema, akanigeukia. "Lakini aliacha. Siku nyingi sasa, si ndiyo kaka?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nataka niseme kwamba nilikuwa sijaelewa, lakini nilielewa palepale, swali lilipotoka tu. Niliiona treni, niliona mvuke ukipoa na kunasa kwenye masizi, ukichuruzika mpaka kwenye debe. Nikamwangalia mdogo wangu, nikasema, "Ndiyo. Niliacha." Daktari akashukuru, akaandika mambo ya mishipa ya fahamu, akatoa vidonge.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Niliogopa macho ya Eveline, jibu ni hilo tu, halina ziada.

Sikuchoma tena kwenye treni. Na nilifanya lile ambalo waoga tunalifanya, nikarekebisha mambo bila kusema. Nilimkazania Gerson aondoke Makongolosi. Nikamwambia hewa ya huku mbaya, vumbi, kelele, nendeni Iringa mkapumzike, nyumba ya marehemu baba ipo wazi. Alikataa kwanza, Mnyakyusa gani anakwenda kukaa ukweni na mikono isiyofanya kazi. Mwishowe akakubali. Siku ya kuondoka aliishika treni mlangoni, akaniambia, "Shemeji, nakuachia. Ifunike, isinyeshewe." Nikasema nitaifunika. Wiki hiyohiyo niliikata kwa grenda vipande sita nikavitupa kwenye duara lililokufa, vikagonga huko chini kwa muda. Nilipomaliza nilijiambia nimemwokoa.

Miezi saba ikapita. Kwenye simu Gerson alisema anaendelea, anaendelea polepole, mbona polepole sana. Mimi nilikuwa namjibu vumilia. Kisha Eveline akapiga, sauti yake nyepesi kama alivyokuwa msichana. Ana mimba ya miezi mitano. Hii imekaa, hajawahi kufikisha mitano. Na Gerson anataka treni yake iletwe, atachoma nyama ya ubatizo mtoto akizaliwa, hata kama nyavu zitanyanyuliwa na watu wengine.

Nikapanda basi na uongo wangu tayari. Imeibiwa. Wezi wa vyuma chakavu, si unawajua. Nilikuwa naurudia njia nzima, mpaka tunapandisha mlima kuingia mjini ulikuwa umeshakaa vizuri mdomoni.

Niliwakuta uani, jua la saa sita. Gerson alikuwa amekonda, amekaa kwenye kigoda, mikono imefumbwa katikati ya magoti. "Ugonile, shemeji," akanisalimu kikwao, akatabasamu, meno mawili hayapo. Eveline alikuwa jikoni pembeni, mlango wazi, tumbo limemtangulia. Tukasalimiana. Nikasema uongo wangu. Gerson aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye magoti, halafu akajifuta kwa bega.

"Basi nitatengeneza nyingine," akasema. "Wewe utashika moto, mimi nitakuonyesha. Si mbaya. Kitu kizuri nilikuja nacho."

"Kitu gani?"

"Mafuta. Lile debe la chini. Lilikuwa limejaa nikasema siliachi, hayo ndiyo mbegu ya treni mpya. Tunayatumia kidogokidogo. Eveline hali mboga isipokaangwa nayo."

Nikasikia sufuria ikilia jikoni. Nikainuka. Debe lilikuwa sakafuni karibu na jiko la mkaa, limebaki robo, kijiko kimesimama ndani. Nililiinamisha kwenye mwanga. Mafuta yakasogea upande, na pale chini, kwenye pembe ya debe, kitu cheupe kikakimbia, kikagawanyika viwili, kikaungana tena. Miaka kumi na moja nimekikusanya kwa kidole kitu kile. Hakuna mtu duniani angeweza kuniambia si zebaki.

Eveline alikuwa ameinamia sufuria, anageuza mboga ya chainizi, uso wake umo ndani ya mvuke.

Niliipiga sufuria teke. Mboga ikamwagika sakafuni, mkaa ukatawanyika, yeye akarudi nyuma akashika tumbo, akasema, "Kaka, una kichaa?" Gerson akaja anayumba mlangoni. Nikawaambia. Nilisema vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, semina, koleo, mtungi wa lori, Jumatatu, viazi. Nikamwambia kwamba treni haikuibiwa. Niliwaonyesha debe.

Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige. Gerson alishika mlango kwa mikono yote miwili ili asimame vizuri, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka sura yangu.

"Daktari aliuliza," akasema. "Mbeya. Wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwepo."

"Eveline alikugeukia akakuuliza. Wewe ukasema uliacha."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakalia mikono yangu kanisani, Dastan." Hakuwahi kuniita jina, tangu aoe nyumbani kwetu. Eveline aligeuka. Alikuwa anaokota mkaa mmojammoja kwa koleo anaurudisha jikoni, na nilipotaka kumsaidia akausukuma mkono wangu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali ya hapo Iringa, watatu tena. Gerson ndiye aliyesema niende. Alisema yeye akieleza anagugumiza, watu wanadhani amelewa, kwa hiyo nitaeleza mimi kwa mdomo wangu. Njia nzima walitembea mbele, mimi nyuma na debe limefungwa kwenye mfuko.

Daktari alikuwa dada kijana. Alimwangalia Gerson mikono, akamwangalia fizi, akaanza kujaza karatasi, na maswali yalikuwa yaleyale. Alipofika kwenye lile la dhahabu aliuliza bila hata kuinua macho, kuna mtu nyumbani anayechimba. Gerson akatazama sakafu. Eveline akanigeukia, kama alivyonigeukia Mbeya.

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza yote, safari hii kwa mpangilio, nikaweka debe mezani. Dada yule alisogeza kiti nyuma, akavaa glavu, akalitoa nje, akarudi. Akasema atawapima mkojo na damu wote wawili. Kwa Gerson akasema huenda akapata nafuu, asitegemee mikono ya zamani. Kisha akamgeukia Eveline, akaliangalia tumbo.

"Hayo mafuta mmeyatumia kwa muda gani, mama?"

"Tangu tufike," Eveline akasema. "Miezi saba. Mimba ilipoingia nikazidisha. Mume wangu alisema yatanipa nguvu."

Daktari akaacha kuandika.